Pumzi ya Skåreli

Alta, 14 Januari

Shangazi Torbjørg mpendwa,

Kabla ya yote nakusalimu wewe, nawasalimu kondoo, na namsalimu jirani yako Gjermund hata kama mmegombana tena juu ya uzio. Huku Kaskazini tu wazima. Jua bado halijarudi, tunaishi kwa kahawa na taa, ila siku hizi saa sita mchana anga huwa jekundu kwa dakika chache, na watu wazima hutoka ofisini kulitazama. Baba alinipigia simu Jumapili. Goti lake linapona vizuri. Mdomo wake ndio hauna dawa.

Sasa habari yenyewe. Mikkal amenichumbia, au mimi ndiye niliyemchumbia, bado tunabishana. Harusi ni tarehe kumi na mbili Agosti, kanisani kwetu huko Telemark, na wewe utakaa benchi la mbele.

Nina ombi. Nataka ile lahani ya bibi harusi aliyoitunga baba yake babu Tarjei, iliyowapeleka kanisani mabibi harusi wote wa nyumba yetu ya Skåreli. Baba anasema haijawahi kuandikwa wala kurekodiwa, na kwamba ni wewe peke yako uliyebaki unayeijua. Naomba unifundishe.

Najua utauliza, daktari wa samaki na fidla wapi na wapi. Basi kaa chini. Huu ni mwaka wa tatu napiga fidla. Nilinunua ya kwetu, yenye nyuzi nne za juu na nne za chini zinazolia zenyewe, nikajifunza mtandaoni. Ule mkanda wa redio wa mwaka 1979, wewe ulipopiga lahani tatu jikoni kwenu, mtu aliutia kwenye intaneti, na watu wakakusanyika kuuzunguka. Kundi letu lina watu arobaini na mmoja. Yumo daktari wa meno wa Osaka, yumo Darlene, dereva wa basi mstaafu wa Minnesota, na yumo Wojciech, fundi wa paa Mpolandi anayeishi hapa hapa Alta. Tunaupunguza kasi mkanda hadi robo na kusikiliza kila mpapaso wa upinde wako. Tunapiga kama wewe, unywele kwa unywele. Hata ile pumzi tunaifanya. Unakumbuka, lahani ya pili, sehemu ya tatu, unaponyanyua upinde, ukanyamaza, kisha ukarudi? Tunaiita Pumzi ya Skåreli. Daktari wa meno ameiandikia kurasa tatu.

Nasubiri jibu kwa hamu na kwa woga.

Mwanao,
Jorid


Skåreli, 2 Februari

Jorid mwanangu,

Barua yako imechukua siku tisa, maana posta siku hizi hupita leo ikalala kesho. Mimi mzima. Kondoo wazima. Gjermund naye mzima, na uzio ni wake na makosa ni yake. Theluji imefika madirishani, na mbweha amerudi kunitembelea bila kualikwa.

Hongera sana. Mikkal nilimwona mara moja tu, akala vipande sita vya nyama ya mwanakondoo bila kubembelezwa, nikampenda papo hapo. Benchi la mbele nitakaa, na kofia nitavaa.

Ama kuhusu lahani, hapana. Sikunyimi. Ila lahani haitumwi kwa posta wala kwa waya. Mimi nilikaa mbele ya baba, goti kwa goti, majira manne ya baridi, nikipigwa kiwiko kila nilipokosea, na karatasi sikuiona. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Njoo ukae mbele yangu, ndipo tutaongea. Kujifunza fidla kwa mashine ni kujifunza kuogelea kwa kumtazama bata.

Na hiyo pumzi yenu ningeomba muiache. Mwambie daktari wa meno arudi kwenye meno.

Shangazi yako,
Torbjørg


Alta, 20 Februari

Shangazi mpendwa,

Nimepokea barua yako nikiwa na homa ya mafua, ikanitibu kuliko dawa. Jua limerudi. Mikkal amefurahi kusikia kwamba tumbo lake ndilo lililomwombea, na mama yake anakushonea mshipi.

Shangazi, siwezi kuja. Chanjo za samaki zinaanza mwezi ujao na haziishi hadi karibu na harusi, na madaktari tuko wanne tu kwa mkono wote huu wa bahari, fyodi nzima. Ningekuwa na majira manne ya baridi ningekupa yote.

Nakubali nimejifunza na bata. Lakini bata wangu ni wengi, na akilala huyu yuko macho yule. Miezi minane kifundo changu cha mkono kilikuwa kigumu kama jiwe bila mimi kujua. Nikajipiga video, nikawatumia, na Darlene akajibu kutoka Minnesota: "Binti, huo ni upinde, si usukani. Legeza mkono kabla hujatugonga." Hakuna anayenipiga kiwiko, ila ulimi wa Darlene unafanya kazi ya viwiko viwili. Na kila Ijumaa nakaa na Wojciech kwenye karakana yake, kati ya misumari na mabati, tunasikilizana. Huko si kukaa goti kwa goti?

Tuonane basi kwa video. Wewe upige, mimi nitazame.

Halafu, mbona mwandiko wako umelala hivyo? Unaandikia juu ya kondoo?

Mwanao,
Jorid


Skåreli, 30 Machi

Jorid mwanangu,

Salamu za hapa ni njema. Tumepata wanakondoo saba, mmoja mweusi. Mwandiko huu ni wa Gjermund. Mimi nasema, yeye anaandika, kwa sababu miwani yangu imevunjika. (Haijavunjika. Iko puani mwake. G.)

Nimechelewa kujibu kwa sababu kuna jambo sikutaka kulisema, na sasa nalisema ili yaishe. Siku ile mwaka 1979 mtu wa redio aliiweka mashine yake juu ya meza ya jikoni. Mama alikuwa palepale anachoma lefse, chapati zetu, juu ya bamba, maana mgeni haondoki kwetu na njaa. Katikati ya lahani ya pili nikasikia harufu ya kuungua. Mama alikuwa amemkodolea macho yule mtu wa redio, kijana mzuri mwenye ndevu, amesahau kugeuza. Nikanyanyua upinde, nikamwonyesha bamba kwa ncha yake, mama akageuza, nikaendelea. Hiyo ndiyo pumzi yenu. Ni chapati iliyoungua.

Mtu wa redio alisema atakikata kipande hicho. Hakukikata. Baba alisikia pamoja na nchi nzima. Siku tatu hakunisemesha, na ya nne akasema, "Mimi nitakufa, wewe utakufa, kosa hilo litaishi." Sasa unaniambia watu arobaini na mmoja wanalifanyia mazoezi. Baba aliona mbali. Tangu siku hiyo sijapiga mbele ya mashine yoyote, na lahani ya bibi harusi haitaingia kwenye mashine maadamu mimi ni hai.

(Ametoka kutazama kondoo. Jorid, nisikilize upesi. Shangazi yako hajagusa fidla tangu Novemba ya mwaka juzi. Vidole vya mikono yote miwili vimejikunja, havifunguki. Anakuita uje kwa sababu anajua huwezi kuja. Ukija hana cha kukupigia. Lahani iko kichwani mwake na haina pa kutokea, na jambo hilo linamla. Hajamwambia mtu. Anarudi.)

Gjermund anaandika polepole mno. Nakusalimu, msalimu Mikkal na mama yake.

Shangazi yako,
Torbjørg


Alta, 12 Aprili

Shangazi mpendwa,

Hongera kwa wanakondoo. Pole kwa miwani. Huku barafu ya mto imeanza kupasuka, na Mikkal ameanza kujifunza kuvaa viatu vya harusi, anavivaa akiosha vyombo.

Nilicheka hadi nikakaa sakafuni. Halafu nikamfikiria babu na siku zile tatu, nikaacha kucheka.

Nimejaribu kuwaambia wenzangu. Nimeandika mara nne, nikafuta mara nne. Fikiria, miaka mitano mtu ananyanyua upinde wake huko Osaka kwa ajili ya lefse ya bibi. Sina ubavu. Kosa ni lako, waambie mwenyewe. Kundi hukutana Jumanne saa kumi na moja jioni. Vigdis wa maktaba ana kishikwambi, atakufungulia. Hakirekodi chochote mtu asipobonyeza. Mimi sitakuwepo, nitakuwa kwenye vizimba vya samaki wiki tatu, kwa hiyo huna wa kumwonea haya.

Wala si lazima ubebe fidla. Baba ameniambia kwamba babu, akiwa malishoni, alikuwa akipiga lahani nzima kwa mdomo, na mguu ukigonga. Anasema ilikuwa kama kuisikia fidla yenyewe.

Mwanao,
Jorid


Skåreli, 9 Mei

Jorid mwanangu,

Huku majani yamechipuka na kondoo wako nje. Mwandiko huu ni wa Vigdis wa maktaba. Gjermund nimemfukuza ukarani, maana huandika zaidi ya ninavyosema.

Nilikwenda. Vigdis alikiegemeza kishikwambi kwenye kamusi, na nyuso zikajitokeza zimepangwa kama mayai kwenye trei. Nikasalimu, nikasema: nimekuja kuwaambia kwamba ule ukimya katika lahani ya pili ni lefse iliyoungua, acheni kuufanya. Darlene wako akasogea karibu na kioo akasema, "Bibi, usikilize tena mkanda, pole pole. Ule ukimya ni wa makusudi, unasikika. Labda hujauzoea upigaji wa Skåreli." Mimi. Torbjørg Skåreli. Sijauzoea upigaji wa Skåreli.

Nikataja jina langu. Daktari wa meno akainama hadi paji la uso likagonga meza, tukasikia. Kisha akauliza, kwa adabu kubwa, kama lefse ile ilikuwa ya viazi.

Wakaniomba nipige. Nikawaonyesha mikono. Na wewe sasa umejua, kama hukujua, na najua ulijua, kwa sababu uliacha kuniuliza habari za mwandiko. Gjermund tayari nimemsema. Lakini sikuondoka. Nikaweka mguu sakafuni nikapiga kwa mdomo, lahani ya kwanza, ya pili bila lefse, na ya tatu. Daktari wa meno akajaribu, nikamsimamisha mara kumi na moja. Darlene ana mkono mzuri, ila ana haraka kama mtu anayekimbiza ratiba. Huyo fundi wa paa anasema kidogo na anagonga mguu panapotakiwa, jambo ambalo wazaliwa wa bonde hili wanashindwa. Nilifurahi, Jorid. Sikufichi. Vigdis alijikuta ameifunga maktaba sisi tukiwa ndani.

Sasa turudi kwako. Nipo tayari kukufundisha kwa mdomo. Lakini umefikiri, mwenye akili za samaki? Mpiga fidla hutangulia, bibi harusi hufuata. Huwezi kujitangulia mwenyewe. Baba yako hana sikio hata la kusikia mlango ukigongwa. Nikikupa wewe, nani ataipiga?

Shangazi yako,
Torbjørg


Alta, 16 Mei

Shangazi mpendwa,

Kesho ni sikukuu ya taifa, mama mkwe anapiga pasi vazi langu huku nikiandika, na anakusalimu sana.

Nimejiona mjinga. Miaka mitatu nimejifunza kupiga, na siku moja ninayoitaka siwezi kupiga. Mikkal amecheka hadi nimemnyima keki.

Kuhusu mikono, nilijua, na nilikaa kimya kwa sababu wewe ulikaa kimya. Imeniuma, na bado inaniuma.

Sasa nasema neno ambalo huenda usilipende. Mfundishe Wojciech pamoja nami. Namjua, ni mtu anayerudia kipande kimoja mara mia bila kuchoka na bila kujisifu. Najua si damu yetu. Najua lahani hiyo haijawahi kutoka nje ya nyumba ya Skåreli, na kwamba babu alimkatalia hata mkwe wake. Ukikataa, nitatembea hadi kanisani bila fidla, na sitakulaumu hata kidogo.

Mwanao,
Jorid


Skåreli, 3 Juni

Jorid,

Nimekaa na barua yako zaidi ya wiki mbili. Nimekwenda nayo hadi kaburini kwa baba, nikamsomea. Hakusema neno, lakini hata alipokuwa hai hiyo ndiyo ilikuwa desturi yake.

Alhamisi, saa kumi na moja jioni. Wewe na fundi wa paa. Miguu ionekane kwenye kioo. Hakuna kurekodi. Nataka ahadi yenu kwa maandishi.

Torbjørg


Alta, 20 Julai

Shangazi mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Jua sasa halizami, na Wojciech anapaua nyumba usiku kwa kuwa mchana anafanya mazoezi.

Nina jambo la kuungama, na naliandika kabla ya somo la mwisho ili usije ukalisikia kwa mwingine. Nilirekodi. Somo la tatu na la nne, simu ikiwa chini ya mto wa kiti. Wojciech hakujua, yeye hana hatia. Niliogopa, Shangazi. Niliogopa usije ukaugua, tukabaki na nusu ya lahani.

Kisha nikazisikiliza zote mbili pamoja, nikachanganyikiwa. Siku ya kwanza uliimba sehemu ya pili ikipanda, siku iliyofuata ikashuka. Mara uliikawiza, mara uliirukia. Nikakurudia Alhamisi iliyofuata ukaimba namna ya tatu, na ulipomsikia Wojciech akiipiga namna ya nne ulisema, "Hiyo hapo." Nilikuwa nimekamata siku mbili nikadhani nimekamata lahani. Nimezifuta. Mikkal ni shahidi.

Nilivunja ahadi niliyoiandika kwa mkono wangu. Naomba radhi. Ukiona hupendi tuendelee, niambie. Ila tafadhali nijibu kabla ya harusi.

Mwanao,
Jorid


Skåreli, 21 Agosti

Jorid mwanangu, mke wa watu,

Natumaini mmefika salama na Mikkal ameviweka viatu vyake mahali pa kupumzika. Hapa wazima, na mwandiko bado ni wa Vigdis. Mabaki ya nyama ya harusi yamekwisha, Gjermund ameyashughulikia. Mshipi wa mama mkwe wako nimeuvaa hadi dukani.

Sikukujibu ile barua ya Julai, nikakufundisha somo la mwisho kama vile sikuipata, na ulipokuja ukanitazama siku mbili nzima usoni nami nikaongelea hali ya hewa. Hilo lilikuwa la makusudi. Nilikasirika juma moja. Juma la pili nikataka kukuacha uchemke kidogo, kwa sababu bibi harusi asiye na wasiwasi hutembea mbio. Juma la tatu nikafikiri. Baba alidhani mashine inaiua lahani. Kumbe rekodi ile ya 1979 iliponzwa na upweke wake. Ilikuwa siku moja tu, watu wakaiabudu kwa kukosa nyingine. Kwa hiyo kuanzia Alhamisi ijayo Darlene, daktari wa meno na wengine sita wanaanza lahani ya bibi harusi kwangu, na nimewaambia warekodi kila somo, wiki baada ya wiki, mpaka wachoke. Makosa yangu yakiwa mengi hakuna atakayeyaandikia kurasa tatu. Radhi nimekupa. Usirudie.

Sasa nikwambie lile uliloniuliza pale mezani, kwa nini nililia hadi kofia ikaniangukia. Wewe ulikuwa nyuma, unahangaika na gauni, pengine hukusikia. Wojciech alisimama kwenye lango la kanisa, akavua kofia, akaweka fidla kifuani. Na kabla ya kuanza, kama ilivyo kwetu, akamtaja aliyempa. Alisema kwa sauti, na kwa lafudhi yake ile, "Lahani hii ni kutoka mkono wa Torbjørg Skåreli."

Miaka hamsini nimesimama mbele ya watu nikitaja jina la baba, na baba alitaja la baba yake. Anayetajwa ni aliyetoa. Mimi sikuwa nimempa mtu, na nilipoacha kupiga nilijua hakuna atakayenitaja, nikalizoea hilo kama mtu anavyozoea goti bovu. Kisha mtu wa mabati kutoka Poland akasimama langoni akalisema jina langu, na watu wote wakageuka kunitazama.

Ulipendeza sana, mwanangu, na hatua zako zilikuwa sawasawa. Lakini nisikudanganye. Sikulia kwa ajili yako.

Shangazi yako,
Torbjørg Skåreli